Jinsi ya Kujichorea Njia ya Kukimbia Ufuoni na Kwenye Magofu Bila Kukwama: Mwongozo Kamili

Kila anayenisimulia alivyoshindwa na njia ya pwani huanza na maneno yale yale: "Kwenye simu ilionekana rahisi." Amechora mstari mzuri wa kilomita 12: ufuo, ngome ya zamani, kijia cha juu ya magenge, kisha kurudi. Siku ya siku anafika, ufuo haupo, maji yameumeza. Anapita juu kwenye miiba, kilomita 12 zinakuwa 17, lango la ngome limefungwa, na jua linazama naye yuko nusu ya safari.

Kosa haliko miguuni. Kosa ni kupanga njia kwa kilomita peke yake mahali ambapo saa ndiyo yenye amri: saa ya bahari, saa ya jua, saa ya lango. Hatua hizi zimefuatana kwa sababu hiyo. Ukiiruka ya pili kwa kuwa ina hesabu, ya tisa itakukatalia ukiwa tayari umelowa.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeweza kukimbia saa nzima kwenye ardhi ya kawaida bila kusimama. Kama bado hujafika hapo, njia hizi zitembee kwanza. Nyingi ni tamu zaidi kwa kutembea, tukisema ukweli.

## Vitu vya kuwa navyo

Vya mezani, siku mbili tatu kabla:

- Ramani yenye mistari ya mwinuko, ya kipimo cha 1:25,000 au 1:50,000. Ile ya kwanza ni bora, kwani sentimita 4 ni kilomita 1 na vijia vidogo huonekana.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari iliyo karibu na njia yako, la tarehe ile ile utakayokimbia.
- Uzi usiovutika wa kama sentimita 60, rula, penseli na kipande cha karatasi.

Vya mwilini:

- Viatu vya kukimbilia vyenye soli ya meno. Soli bapa ya barabarani ikikanyaga mwani uliolowa ni kama kukanyaga sabuni.
- Simu yenye chaji kamili, ramani ikiwa imeshashushwa ndani yake, kwenye mfuko usiopitisha maji. Chini ya magenge mtandao hupotea bila kuaga.
- Filimbi. Sauti yako haitashindana na mawimbi, filimbi itashindana.
- Koti jepesi la kuzuia upepo, kofia yenye ukingo, mafuta ya kukinga jua.
- Tochi ya kichwani, hata ukianza asubuhi. Anayekwama hakwami kwa ratiba.
- Maji. Anza na nusu lita kwa kila saa ya safari, uongeze kama kuna joto.

Watu huniuliza kuhusu kukimbia peku ufuoni. Kwenye mchanga safi, mita mia tano za mwisho, sawa. Njia nzima hapana: chaza waliopasuka, miiba ya urumbu na vipande vya chupa havionekani kwa mwendo wa mbio.

## Hatua ya 1: Chagua vituo vitatu, si kumi

Weka alama tatu kwenye ramani: pa kuanzia, mahali pa kale unapotaka kupaona, na pa kugeukia. Basi.

Sababu ni kwamba kila kituo hula muda kuliko unavyodhani. Mtu hufika kwenye mnara, akavuta pumzi, akapiga picha mbili, akasoma kibao, akatafuta njia ya kutokea. Dakika 8 zimekwenda. Vituo kumi ni zaidi ya saa nzima, na bahari haisimami kukungoja.

Kwa mara ya kwanza chagua njia ya kwenda na kurudi pale pale badala ya mzunguko. Mzunguko una sifa zaidi, lakini ufuo huteremka upande mmoja, na mguu wa upande wa juu hupigwa kuliko mwenzake. Ukirudi ulikotoka, miguu hubadilishana zamu. Halafu ukirudi unaijua njia. Mshangao wote umeshamalizika ukiwa bado na nguvu.

## Hatua ya 2: Soma saa ya bahari

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sehemu nyingi duniani bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Toka kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, ndiyo maana kila siku nyakati husogea mbele kwa karibu dakika 50. Zidisha kwa siku saba: ni karibu saa sita. Ufuo ulioukimbia Jumamosi asubuhi ukiwa mpana kama uwanja wa mpira, Jumamosi inayofuata saa ile ile waweza kuwa chini ya maji. Anayesema "wiki jana nilipita hapa" amekwishapotea.

Angalia na mwezi. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, mara nyingi siku moja au mbili baada ya mwezi wenyewe. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ikawa ndogo. Bamvua hukupa ufuo mpana kweli, ila huuchukua upesi na hufika mbali. Kwa mkimbiaji mgeni, maji mafu ni salama zaidi ingawa ufuo ni mwembamba.

Ukubwa wa tofauti hiyo hutegemea mahali. Ghuba ya Fundy nchini Kanada maji hupanda hadi kama mita 16. Sehemu nyingi za Mediterania hayafiki hata nusu mita. Kwa hiyo ushauri wa rafiki aliyezoea bahari nyingine usiubebe kama ulivyo.

Sasa hesabu. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa tofauti ya kujaa na kupwa kwa 12, kisha zigawe sehemu hizo katika saa sita za kupanda hivi: 1, 2, 3, 3, 2, 1. Tuseme tofauti ni mita 3.6. Saa ya kwanza maji hupanda sentimita 30, ya pili 60, ya tatu 90, ya nne 90, ya tano 60, ya sita 30. Makadirio tu, lakini yatosha kukuonyesha hila yenyewe: kwa saa nzima ya kwanza bahari huonekana imelala, kisha inaamka yote kwa pamoja. Kwenye ufuo bapa, sentimita 90 kwenda juu ni makumi ya mita kuja kwako.

Kwa hiyo tafuta kwenye ramani mahali pembamba kuliko pote, mara nyingi chini ya rasi ambapo mwamba unakutana na maji. Panga upite hapo dakika 60 hadi 90 kabla maji hayajapwa kabisa. Si baada. Ukichelewa kidogo kabla ya kupwa, bahari bado inakuongezea nafasi. Ukichelewa kidogo baada yake, inakupunguzia. Kama utarudi pale pale, uwe umeshapita tena kabla ya dakika 90 baada ya kupwa.

Kuna mitego miwili ya kusoma jedwali. Wa kwanza ni wetu sisi wenyewe: jedwali huandika 07:40, nasi tukisoma harakaharaka tunaona "saa saba". Ni saa moja na dakika arobaini asubuhi. Andika kwa maneno kwenye karatasi yako, usinakili tarakimu. Wa pili: baadhi ya nchi husogeza saa mbele majira ya joto, na majedwali mengine hayafuati. Soma maandishi madogo ya chini.

Mimi nilisoma jedwali sahihi, safu sahihi, tarehe ya kesho. Dakika 50 tu za tofauti. Nilikaa juu ya mwamba chini ya rasi karibu saa tatu nzima, magoti kifuani, nikiwatazama kaa wadogo wakipanda mpaka kwenye kamba za viatu vyangu.

Umefaulu kama: karatasi yako ina nyakati tatu zilizoandikwa kwa maneno: maji kupwa kabisa, wakati wa kupita mahali pembamba, na kikomo, yaani wakati ambao ukifika kabla hujapita, huingii tena.

## Hatua ya 3: Pima njia kwa uzi

Simu hupima kwa vijistari vilivyonyooka kati ya nukta na nukta. Pwani haijanyooka. Kadiri kipimo chako kinavyokuwa kifupi ndivyo pwani inavyorefuka, kwa sababu kila kijighuba kidogo kinaingia kwenye hesabu. Na saa ya mkononi nayo, ikiwa chini ya magenge, ishara za setilaiti hugonga mwamba kabla ya kuifikia, ikakuandikia umekimbia baharini.

Lalisha uzi juu ya njia kwenye ramani, ukifuata kila pindo kwa ncha ya penseli. Nyoosha uzi kwenye rula. Ukipata sentimita 51 kwenye ramani ya 1:25,000, hiyo ni kilomita 12.75. Ongeza asilimia 10 kwa kukwepa madimbwi, miamba na watu: kilomita 14.

Hiyo asilimia 10 ni yangu, nimeipata kwa miguu. Pwani yenye mawe mengi ongeza 15.

## Hatua ya 4: Geuza kilomita kuwa dakika

Mwaka 1892 Mskoti William Naismith aliwapa wapanda milima kanuni ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa mkimbiaji, kinachofaa ndani yake ni ule uwiano: kila mita 1 ya kupanda ihesabu kama mita 8 za tambarare.

Mchanga una ushuru wake. Kukimbia kwenye mchanga mkavu, laini, hula nguvu karibu mara 1.6 ya ardhi ngumu. Mchanga ulioshikana karibu na maji usiuongezee kitu.

Turudi kwenye mfano wetu. Njia ni kilomita 14. Ukihesabu mistari ya mwinuko, kupanda kote ni mita 250, sawa na kilomita 2 za tambarare. Kuna kilomita 2 za mchanga laini, hizo zinakuwa 3.2, yaani nyongeza ya 1.2. Jumla ya kazi ni kilomita 17.2. Kama kasi yako ya kawaida ni dakika 6 na nusu kwa kilomita, utatumia kama dakika 112. Ongeza 20 za vituo. Saa mbili na dakika 12.

Ona tofauti. Aliyechora kwenye simu aliona kilomita 12 na dakika 78, na hakuna hata sehemu moja ya mwili wake iliyokosea.

Sasa kutoka wakati wa kupita mahali pembamba toa dakika za kufika hapo, utapata saa ya kuanza. Uianze safari hapo, si pale usingizi utakapokuruhusu. Kisha linganisha saa ya kumaliza na machweo. Kama hakuna dakika 60 za mwanga zilizobaki, fupisha njia au hamisha siku.

## Hatua ya 5: Tafuta pa kuchomokea

Kwa kila kilomita ya ufuo iliyobanwa na magenge, weka alama ya mahali unapoweza kupanda juu: ngazi, kijito kinachoshuka, njia ya wavuvi. Ukikuta kipande kirefu kisicho na pa kuchomokea, kipande hicho ndicho kipimo cha njia nzima. Kipite tu ukiwa na muda wa kukipita mara mbili.

Milango ya mito iangalie kwa jicho baya. Ramani inaonyesha mstari mwembamba wa samawati. Wewe utakuta maji ya kifuani yakikimbia kwa kasi. Maji yakipita goti huku yanakwenda, rudi. Na mvua ikinyesha bara, mto waweza kuvimba huku pwani jua linawaka.

## Hatua ya 6: Ulizia ruhusa na malango

Mahali pa kale huwa na mwenyewe. Ngome yaweza kuwa chini ya idara ya makumbusho, kisima kwenye shamba la mtu, makaburi chini ya familia ambayo bado inazika hapo. Uliza mapema: wanafungua saa ngapi, siku gani wamefunga, kuna kiingilio, na je, kukimbia ndani kunaruhusiwa. Pengine hakuruhusiwi. Basi utatembea dakika kumi, hakuna aliyekufa kwa hilo.

Ngome nyingi za pwani zilijengwa pale pale ambapo jeshi la leo bado linapataka. Ukiona uzio na kibao cha kijeshi, geuka, na simu ibaki mfukoni.

## Hatua ya 7: Itembee sehemu mbaya kwanza

Siku moja kabla, au wiki mbili kabla maji yakiwa kwenye hali kama ile ile, nenda ukatembee kipande kile kimoja kinachokutia wasiwasi. Usitembee njia nzima. Tazama alama ya maji kwenye mwamba: mstari ambapo mwani na kome wanaishia na jiwe tupu linaanzia. Ukiona mstari huo uko juu ya kichwa chako, hakuna haja ya kukueleza zaidi.

## Hatua ya 8: Asubuhi ya safari

Acha neno kwa mtu: unaanzia wapi, unapita wapi, unarudi saa ngapi, na saa ngapi aanze kupiga simu. Hiyo ya mwisho ndiyo watu husahau. "Nitarudi mchana" haimsaidii mtu kuamua lini aogope.

Angalia upepo. Anza nao ukiwa usoni, urudi nao mgongoni, kwa sababu kurudi ukiwa umechoka na jasho huku upepo unakupiga kifuani hutia baridi haraka. Kwenye joto kali kuna kasoro: upepo wa mgongoni ukilingana na kasi yako, kwako ni kama hakuna upepo kabisa, na mwili huchemka. Hapo weka akiba ya maji kwa ajili ya kurudi.

Upepo wa bahari hukausha jasho kabla hujaliona, ukadhani hutoki jasho. Kunywa ukisikia kiu. Lakini usijilazimishe lita juu ya lita pia. Maji mengi kupita kiasi hupunguza chumvi ya damu, na wakimbiaji wamewahi kufa kwa hilo. Kama umetoka sehemu ya baridi, mwili huchukua kama siku 10 hadi 14 kuzoea joto. Kabla ya hapo punguza kasi bila kuona aibu.

Ngurumo zikisikika, safari imeahirishwa. Ufuoni wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote.

## Hatua ya 9: Kwenye mchanga, soma unyayo

Kuna ukanda mmoja mzuri wa kukimbilia, mara nyingi wa mita chache tu, kati ya mchanga mkavu na maji. Hutaujua kwa rangi ukiwa mbali. Utaujua kwa unyayo.

Kanyaga, kisha tazama pembeni ya kiatu. Mchanga ukigeuka mweupe ghafla, kama umekauka kwa sekunde moja kuzunguka mguu, uko mahali pake. Uzito wako umezisukuma chembe zikaachana, maji yakazama kati yake, na ardhi ikakaza. Ukiinua mguu, rangi hurudi taratibu na nyayo hubaki na kingo kali. Kimbia hapo.

Maji yakichuruzika juu kuzunguka kiatu, umekaribia bahari mno. Sogea juu hatua tatu. Kisigino kikizama na vidole vikisukuma bure, uko kwenye mchanga mkavu, sogea chini. Mguu ukizama hadi kifundo na mchanga ukatetemeka kama uji, simama, geuka, fuata nyayo zako mwenyewe kurudi. Matope ya mlango wa mto na ya mikoko ndiyo yenye tabia hiyo.

Fupisha hatua. Ufuoni hatua ndefu humaliza misuli ya nyuma ya mguu kabla ya kilomita ya tano.

Umefaulu kama: ukigeuka nyuma, nyayo zako ni mstari mmoja usio na mashimo.

## Hatua ya 10: Miambani na juu ya magenge

Mwamba mkavu na mwamba wa kijani ni vitu viwili. Wa kijani tembea, mikono ikiwa tayari. Mawe ya matumbawe huonekana imara, kumbe yana meno; ukiteleza juu yake, osha kidonda kwa maji safi siku hiyo hiyo maana huchelewa kupona.

Kabla ya kupita kwenye mwamba unaofikiwa na mawimbi, simama utazame dakika 10. Mawimbi makubwa huja kwa makundi, na kati ya kundi na kundi bahari hutulia vya kutosha kumdanganya mtu.

Juu ya magenge, kaa angalau mita 5 kutoka ukingoni. Nyasi hazikuambii kama chini yake kuna jiwe au hewa. Na ukiwa chini, usipumzikie kwenye kivuli cha genge, hasa baada ya mvua. Tazama yale mawe yaliyolala hapo kama yamepangwa: yote yalitoka juu.

## Hatua ya 11: Ukiingia magofuni, acha mbio

Nasema acha, sipunguzi. Ukuta wa mawe na chokaa uliokaa mamia ya miaka huonekana hautikisiki, lakini chokaa ikishaoza jiwe la juu linashikiliwa na uzito wake tu. Mguu mmoja unaotafuta picha nzuri hulitoa, mvua huingia hapo, na msimu ujao linafuata la pili. Kwenye Ukuta wa Hadrian kaskazini mwa Uingereza, wenye urefu wa kilomita 117 na njia ya miguu kandokando yake, wageni huombwa waziwazi wasitembee juu ya mawe. Ombi hilo lichukue kila mahali, pawe na kibao au pasiwe.

Ngazi za zamani zimelika katikati na kuteleza. Shuka kwa pembeni. Macho yako yanatoka juani kuingia gizani, kwa hiyo simama mlangoni uhesabu hadi ishirini kabla ya kuingia chumba chenye sakafu usiyoijua. Visima ndivyo vibaya kuliko vyote, maana kichaka hukua mdomoni na kuuficha. Usikate kona kwenye nyasi ndefu ndani ya magofu.

Makaburini na kwenye nyumba za ibada vaa shati, nyamaza, pita pembeni. Usiokote kigae. Kikiwa pale kilipo kinamweleza mtafiti jambo. Kikiwa rafuni kwako ni kigae.

Mashambani, lango uliache ulivyolikuta: lililokuwa wazi liwe wazi, lililofungwa lifungwe. Mifugo izunguke kwa mbali, usipite kati ya mama na ndama. Mbwa akikujia, acha kukimbia, mpe ubavu, ondoka ukitembea.

## Hatua ya 12: Ukibanwa na maji

Kwanza kubali. Hatari iko zaidi kwenye kujaribu kuipita ile kona ya mwisho kuliko kwenye kukwama. Lindisfarne, kisiwa cha kaskazini mashariki mwa Uingereza, barabara yake hufunikwa na bahari mara mbili kwa siku, nyakati zimebandikwa pale pale, na bado madereva huokolewa kutoka juu ya magari yao. Mwenye gari anadhani maji ni kidogo. Mwenye miguu naye hudhani vivyo hivyo.

Panda mwamba ulio juu sana kupita ule mstari wa kome na mwani. Usipande genge lenyewe. Kupanda ni rahisi kuliko kushuka, na katikati hakuna vyote viwili. Vaa koti kabla hujaanza kutetemeka.

Piga namba ya dharura ya nchi uliyopo, taja jina la ghuba au rasi lililo kwenye ramani. Kama hakuna mtandao, filimbi: mipulizo 6 ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Anayekusikia hujibu kwa mipulizo 3. Kama uko juu ya mstari, umekauka na bahari imetulia, muda wako ni wa kungoja. Chukua jedwali uhesabu lini maji yatakuruhusu.

## Hatua ya 13: Baada ya kurudi

Mpigie yule uliyemwachia neno. Suuza viatu kwa maji yasiyo na chumvi, toa soli za ndani, vijaze karatasi, vianike kivulini. Chumvi ikikaukia ndani, safari ijayo itakuwa msasa.

Kisha toa ile karatasi, na mbele ya kila muda uliokadiria andika muda halisi. Yangu ya mwisho inasema ningefika kwenye rasi dakika 40 tangu kuanza, nikafika kwa 53. Nilipofuatilia zile 13 zilikokwenda, sikuzikuta kwenye mchanga wala kwenye mlima. Zilikuwa kwenye ngazi za ngome, 94, nilizozipanda mara ya pili kwa sababu nilisahau kofia juu.